Diploma au Digrii ya Uuguzi? Piga Hesabu Mpaka Leseni, Usiishie kwa Karo

Kila Januari matokeo ya KCSE yakishatoka, simu za wazazi huanza kazi. Kuna anayetuma ada ya maombi, kuna anayelipa nusu ya karo ili kijana asipoteze nafasi, na kuna anayeweka pesa kidogo kidogo akingoja barua ya kujiunga. Uuguzi ni mojawapo ya kozi zinazogombaniwa sana. Wengi wanaamini kwamba muuguzi hakosi kazi, na asipoipata hapa ataipata ng'ambo.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: je, tumpeleke KMTC afanye diploma, au tujikaze tumlipie digrii? Jibu la haraka huwa ni kufungua makaratasi mawili, kulinganisha karo ya muhula, na kuchagua ile nafuu. Hapo ndipo familia nyingi huumia. Karo ya muhula ni sehemu tu ya gharama. Ukitaka kujua kozi ipi ni nafuu, hesabu kila shilingi kuanzia siku ya kwanza hadi siku kijana anaposhika leseni na kupokea malipo yake ya kwanza. Ukifanya hivyo, wakati mwingine ile kozi iliyoonekana ghali hugeuka kuwa rahisi, na ile rahisi ikawa ghali.

Hebu tupitie hesabu hiyo pamoja. Chukua kalamu.

Njia tatu za kuwa muuguzi

Njia ya kwanza ni diploma. Hii ndiyo ile watu huita KRCHN, na husomwa KMTC, katika vyuo vya hospitali za misheni na vingine vya kibinafsi. Huchukua miaka mitatu hivi. Gredi ya chini ya kuingia ni C ya wastani, ukiwa umefanya vizuri pia kwenye Biolojia na lugha. Anayemaliza huwa amesomea uuguzi wa kawaida, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja.

Njia ya pili ni digrii ya moja kwa moja, BScN. Vyuo vikuu vya umma kama Nairobi, Moi, Kenyatta, JKUAT, Maseno na Masinde Muliro huifundisha, na pia vya kibinafsi kama Baraton na Kenya Methodist. Ni miaka minne darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Gredi ya chini ni C+ ya wastani, na C+ pia kwenye Biolojia, Kemia, lugha moja kati ya Kiingereza na Kiswahili, na Hisabati au Fizikia. Kuna wanaopata B ya wastani lakini wakawa na C kwenye Kemia, wakashangaa kwa nini mlango umefungwa. Angalia masomo hayo moja moja kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi.

Njia ya tatu ni kupanda ngazi. Unaanza na diploma, unapata leseni, unafanya kazi, kisha unarudi kusomea digrii ukiwa kazini. Kwa aliye na diploma, digrii huwa fupi kuliko miaka minne, kwa kawaida miaka miwili au mitatu kutegemea chuo. Aga Khan University imejulikana kwa miaka mingi kwa kufundisha wauguzi walio kazini. Kupanda ngazi si jambo geni Kenya. Mwaka 2005, Amref ikishirikiana na Baraza la Wauguzi ilianza mpango wa kusomea kwa kompyuta ili wauguzi wenye cheti wapande hadi diploma bila kuacha wodi zao.

Njia zote tatu hupitia mlango mmoja: Baraza la Wauguzi la Kenya. Baraza ndilo hukubali chuo kifundishe, humpa mwanafunzi nambari ya indeksi, husimamia mtihani wa leseni na humsajili aliyefaulu. Bila Baraza, umesoma lakini wewe si muuguzi kisheria.

Kabla ya senti moja kutoka: je, kozi imekubaliwa?

Hili tunaliweka mbele ya hesabu kwa sababu ndilo linalopoteza pesa nyingi kuliko yote. Baraza huidhinisha kozi kwa ngazi. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha diploma na kisiwe na kibali cha digrii. Ukisikia "chuo chetu kimesajiliwa", uliza zaidi: kimesajiliwa na nani, na kwa kozi gani?

Orodha ya vyuo vilivyokubaliwa huwekwa na Baraza kwenye tovuti yake. Isome mwenyewe, au mpe kijana aisome mbele yako. Tafuta jina la chuo, kampasi utakayosomea na ngazi ya kozi. Kwa digrii, angalia pia kama chuo kikuu chenyewe kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha piga simu ofisi ya usajili ya chuo uulize wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa indeksi lini. Chuo kilicho sawa kitakujibu bila kuzunguka. Ukiambiwa "hiyo tutashughulikia baadaye", weka simu yako mfukoni na pesa zako ziache zilipo.

Fikiria familia iliyolipa karo miaka miwili kisha ikagundua kuwa kijana hana indeksi. Hawezi kukalia mtihani wa leseni. Kuhamia chuo kingine mara nyingi ni kuanza upya. Hakuna punguzo la karo linaloweza kufidia hasara hiyo.

Gharama zisizoandikwa kwa herufi kubwa

Sasa tuje kwenye hesabu. Ukipewa karatasi ya karo, uliza kama imejumuisha vitu hivi:

1. Ada ya indeksi, mtihani wa leseni na usajili wa Baraza. Hulipwa nyakati tofauti, na wengi hawaiwekei akiba.

2. Sare, viatu vya wodini, saa ya sekunde, stetoskopu na vifaa vingine. Kuna vyuo ambavyo hutoa baadhi, na vingine vinakuachia ununue mwenyewe.

3. Nauli na malazi ya mafunzo ya wodini. Mwanafunzi wa uuguzi hatulii darasani. Atatumwa hospitali ya kaunti, zahanati ya mashinani, kliniki ya akina mama, wodi ya wagonjwa wa akili. Kila mara anapohamishwa kuna nauli, na pengine kodi ya chumba kwa wiki kadhaa huku ile ya hosteli bado inaendelea.

4. Chakula na malazi ya kawaida. Karo ya kampasi ya mji mkubwa na ya kampasi ya mashinani inaweza kulingana, lakini kodi ya nyumba haitalingana. KMTC ina kampasi zaidi ya 70 nchini. Kusoma karibu na nyumbani kunaweza kuokoa pesa nyingi kuliko tofauti yoyote ya karo.

5. Muda wa kungoja. Aliyemaliza digrii hungoja kupangiwa hospitali ya uanagenzi. Foleni hiyo si hadithi: mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia Machi hadi Mei, na kupangiwa wanagenzi na malipo yao kulikuwa katikati ya mzozo. Aliyemaliza diploma naye hungoja kazi. Miezi yote ya kungoja mtu hula, hulala na huhitaji nauli.

Hesabu yenyewe

Namba zifuatazo ni za mfano tu. Tumeziweka mviringo ili uone jinsi hesabu inavyokwenda. Ziondoe uweke zile za chuo chako.

Tuseme maisha ya mwanafunzi, yaani chumba na chakula, ni Sh8,000 kwa mwezi kwa miezi 10, ambayo ni Sh80,000 kwa mwaka. Tuseme sare na vifaa ni Sh20,000 kwa kozi nzima, ada za Baraza ni Sh25,000, na nauli ya mafunzo ya wodini ni Sh15,000 kila mwaka. Tuongeze miezi sita ya kungoja, Sh48,000.

Diploma. Karo Sh120,000 kwa mwaka, miaka mitatu, ni Sh360,000. Maisha Sh240,000. Vifaa Sh20,000. Baraza Sh25,000. Nauli Sh45,000. Kungoja Sh48,000. Jumla Sh738,000.

Digrii, familia ikilipa yote. Karo Sh200,000 kwa mwaka, miaka minne, ni Sh800,000. Maisha Sh320,000. Vifaa Sh20,000. Baraza Sh25,000. Nauli Sh60,000. Kungoja Sh48,000. Jumla Sh1,273,000.

Diploma kisha digrii. Ile Sh738,000 ya mwanzo, halafu karo ya kupanda ngazi, tuseme Sh150,000 kwa mwaka kwa miaka miwili, Sh300,000. Jumla Sh1,038,000. Lakini tazama nani analipa: mzazi anaishia kwenye Sh738,000. Zile Sh300,000 za mwisho muuguzi mwenyewe anazilipa kutoka kwa mshahara wake.

Ukisimama hapa utasema diploma imeshinda. Usisimame bado. Kuna njia ya nne kwenye hesabu hii, na ndiyo huwachanganya wengi.

Digrii yenye msaada wa serikali

Tangu 2023, mwanafunzi anayepangiwa na KUCCPS kwenye chuo kikuu cha umma huomba skolashipu na mkopo kupitia tovuti ya hef.co.ke. Familia huwekwa kwenye bendi kulingana na uwezo wake. Katika bendi ya kwanza familia hulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ya pili asilimia 10, ya tatu 20, ya nne 30 na ya tano 40. Sehemu nyingine hugawanywa kati ya skolashipu, ambayo hairudishwi, na mkopo wa HELB, ambao hurudishwa. Juu yake kuna mkopo wa matumizi, kuanzia Sh60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza hadi Sh40,000 kwa bendi ya tano.

Mpango huu umepita misukosuko. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kisha mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Kwa hiyo kabla ya kupanga lolote, fungua tovuti yenyewe uone kiwango cha mwaka wako. Usitegemee picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa tuweke mfano. Familia iko bendi ya tatu, na gharama ya kozi tuseme ni Sh300,000 kwa mwaka. Skolashipu ni asilimia 50, Sh150,000. Mkopo wa karo ni asilimia 30, Sh90,000. Familia hulipa asilimia 20, Sh60,000. Mkopo wa matumizi ni Sh50,000.

Kwa miaka minne familia italipa karo Sh240,000. Maisha ni Sh320,000, mkopo wa matumizi ukitoa Sh200,000, familia inabaki na Sh120,000. Ongeza vifaa Sh20,000, Baraza Sh25,000, nauli Sh60,000 na kungoja Sh48,000. Jumla inayotoka mfukoni mwa familia ni Sh513,000.

Umeona? Pesa taslimu za familia ni Sh225,000 chini ya zile za diploma, ingawa karo ya kozi kwenye karatasi ni zaidi ya maradufu. Mzazi aliyelinganisha makaratasi mawili pekee angekimbilia diploma na kumnyima mtoto aliyepata C+ nafasi ya digrii iliyokuwa nafuu kwake.

Lakini usifurahi mapema. Huyu kijana amemaliza akiwa na mkopo wa Sh140,000 kwa kila mwaka, jumla Sh560,000, kabla ya riba. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Akiulipa kwa miaka sita, ni kama Sh8,800 kila mwezi, ukiacha riba iliyojilimbikiza akisoma. Asipolipa muda ukifika, kuna faini ya Sh5,000 kwa mwezi. Mzigo haujaondoka nyumbani. Umehama tu kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na ni vizuri mtoto aujue tangu siku ya kutia sahihi.

Mambo mawili zaidi. Mwanafunzi anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi hapati ile skolashipu ya serikali, ila anaweza kuomba mkopo. Na kwa walio KMTC na vyuo vingine vya afya, HELB imekuwa na Mfuko wa Afya Elimu tangu 2013, wenye mikopo ya karo. Wengi wanaoenda diploma hawajui kama wanaweza kuomba. Omba, hata kama unadhani utanyimwa.

Thamani: digrii inaongeza nini?

Gharama ni upande mmoja. Upande wa pili ni kile kinachorudi.

Kwenye utumishi wa umma, muuguzi wa diploma huanzia daraja H na wa digrii huanzia K. Tofauti hiyo huonekana kwenye mshahara, marupurupu na jinsi unavyopanda. Mwenye digrii pia ana njia fupi ya kwenda kwenye shahada ya uzamili, kufundisha vyuoni au kusimamia idara.

Jinsi ya kujua kama inalipa: chukua gharama ya ziada, gawanya kwa pesa za ziada utakazopokea kwa mwezi. Kwenye mfano wetu, kupanda ngazi kuligharimu Sh300,000. Tuseme digrii inakuongezea Sh15,000 mkononi kila mwezi. Utakuwa umerudisha gharama kwa miezi 20. Hapo ni sawa kabisa. Lakini ikiwa mwajiri wako hatakupandisha daraja, unagawanya kwa sifuri, na hiyo haina jibu. Kuna wauguzi wa kaunti waliosoma, wakahitimu, na miaka ikapita barua ya kupandishwa haijafika. Hospitali nyingine za kibinafsi nazo huangalia leseni na uzoefu, zikalipa wa diploma na wa digrii karibu sawa. Kabla ya kurudi shule, mwulize mwajiri kwa maandishi: nikimaliza, nitapandishwa lini, na kwa bajeti gani?

Tuseme ukweli pia kuhusu kazi. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, kaunti ndizo huajiri wauguzi wengi wa umma, na kaunti huajiri kulingana na mfuko wake. Wahudumu wa afya walioajiriwa mwaka 2020 kwa mkataba chini ya mpango wa UHC walilazimika kuandamana kwa miaka kudai wafanywe wa kudumu. Nchi inahitaji wauguzi, lakini uhitaji na nafasi ya kazi ni vitu viwili tofauti. Weka miezi ya kungoja kwenye hesabu yako hata kama jirani alipata kazi wiki ya pili.

Na ndoto ya ng'ambo?

Wengi hulipia digrii wakidhani bila hiyo hawawezi kutoka nje. Kwa Uingereza, mwenye diploma aliyesajiliwa hapa anaweza kuomba usajili wa kule. Kwa Marekani kuna mtihani wa NCLEX-RN, ambao kujiandikisha ni dola 200, na kila jimbo lina masharti yake, kwa hivyo angalia jimbo unalolenga kabla ya kulipa chochote.

Hizi nazo ni gharama, tena za pesa za kigeni. Kwa Uingereza, ada za baraza lao la wauguzi ni hizi: tathmini ya maombi pauni 140, mtihani wa kompyuta pauni 83, mtihani wa vitendo pauni 794 na usajili pauni 153. Hapo hujaweka mtihani wa Kiingereza, viza na tikiti ya ndege. Waajiri wengi husaidia na baadhi ya ada hizi, kwa hivyo uliza mapema ni zipi.

Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, na kanuni za Uingereza zinakataza wakala kumtoza mfanyakazi ada ya kutafutiwa kazi. Kwa hiyo mtu akikuambia utume "pesa ya kushikilia nafasi" Uingereza kwenye nambari yake ya simu, hapo hakuna nafasi ya kushikilia. Kwa nchi yoyote, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujafungua menyu ya kutuma pesa.

Kulipa kwa simu bila kupoteza

Hapa ndipo kazi yetu ilipo, kwa hiyo tutasema wazi.

Lipa kwa paybill ya chuo, usilipe kwa nambari ya mtu. Haijalishi ni mhasibu, ni mwalimu au ni "kaka wa admission". Nambari ya paybill ichukue kwenye barua rasmi au tovuti ya chuo, kisha uithibitishe kwa kupiga simu kwenye laini ya ofisi ambayo umeitafuta mwenyewe. KMTC imeonya umma zaidi ya mara moja kuhusu matapeli wanaouza nafasi na barua bandia.

Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Simu hukuonyesha jina la unayemlipa. Kama si la chuo, futa uanze upya. Sekunde tano hapo ni nafuu kuliko wiki tatu za kufuatilia pesa iliyopotea njia.

Kwenye sehemu ya akaunti weka nambari ya usajili ya mwanafunzi, herufi kwa herufi. Karo nyingi "zinazopotea" huwa zimefika chuoni ila hazijulikani ni za nani. Kama chuo bado hakijatoa nambari, uliza waandike nini, na usibuni.

Tunza ujumbe wa malipo. Piga picha ya skrini, uitume pia kwa mwanafunzi na kwa barua pepe yako. Kisha dai risiti ya chuo. Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba umetuma, risiti inaonyesha kwamba wamepokea. Utahitaji vyote viwili siku ya kufanyiwa usafi wa madeni kabla ya mtihani.

Kumbuka mipaka. Muamala mmoja hauwezi kuzidi Sh250,000, na kwa siku ni Sh500,000. Ukilipa karo kubwa gawanya mapema, usingoje saa sita usiku ya siku ya mwisho. Kulipa mara nyingi kwa vipande vidogo nako huongeza ada za kutuma, kwa hiyo weka akiba kwanza, kisha lipa mara moja kwa muhula.

Usilipe karo kwa mkopo wa simu wa mwezi mmoja. Tuseme umekopa Sh50,000 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Hiyo ni Sh3,750 kwa mwezi mmoja tu. Deni kama hilo HELB, kwa asilimia 4 kwa mwaka, ni Sh2,000 kwa mwaka mzima. Mkopo wa simu ni wa kuziba pengo la siku chache unapojua pesa inaingia lini. Karo ni safari ya miaka, itafutie pesa za miaka: akiba iliyofungwa, chama, SACCO, HELB, basari ya kaunti au ya eneobunge.

Na hapo kwa akiba, anza na gharama zinazojulikana tarehe yake. Kwenye mfano wetu ada za Baraza ni Sh25,000. Ukiweka Sh700 kila mwezi kwa miaka mitatu ya diploma, utakuwa na Sh25,200. Mtihani wa leseni ukitangazwa hautakukuta ukipiga simu kwa shangazi.

Basi tuchague vipi?

Kijana akiwa na C+ na masomo yanayotakiwa, omba digrii kwenye chuo cha umma na ujaze fomu ya ufadhili kwanza. Ukishajua bendi yako, rudia hesabu. Ukiwa bendi ya chini, huenda digrii ikakutoa pesa kidogo kuliko diploma, mradi kijana akubali deni litakalomfuata.

Ukiwa bendi ya juu, au nafasi iliyopatikana ni ya kibinafsi, linganisha kwa makini na ile njia ya kupanda ngazi. Kwa familia iliyo na watoto wengine shuleni, muuguzi anayeanza kupokea mshahara mapema anaweza kujisomesha digrii yake na hata kusaidia anayemfuata.

Akiwa na C ya wastani, diploma ni mlango mzuri na halali. Usikubali kuuziwa "digrii ya njia ya mkato". Na kama familia haina uhakika wa karo ya mwaka wa pili, ni heri kungoja ulaji wa Septemba ukiweka akiba kuliko kuanza Machi na kukatiza njiani. Mwanafunzi aliyekatiza hana leseni, na karo aliyolipa hairudi.

Chukua karatasi usiku huu. Chora mistari mitatu: jina la kozi, jumla mpaka leseni, na nani analipa. Jaza kozi mbili au tatu mnazozifikiria, mkiwa mmekaa na mwanafunzi mwenyewe mezani. Pale mtakapokosa namba, hapo ndipo pa kupiga simu chuoni kesho asubuhi, kabla ya kulipa chochote.